Tuache kuwaambia watoto "vumilia" wakisukwa

Juzi mwana wa dadangu, ana miaka 9, katoka kusukwa rasta za Idi hapa Langoni, panja zimevutwa mpaka ngozi imeinuka vipele vidogo vyeupe kwenye mzizi wa kila rasta. Analia, kulala hawezi, na mamake anamwambia vumilia mwanangu utapendeza. Hiyo vumilia nimeichoka jamani.

Watu wanadhani nywele zikitoka zitaota tu. Sawa, lakini zinaotaje? Ndani ya kila kinyweleo, si chini kabisa, katikati hivi, pale kinaposhika kile kimsuli kinachosimamisha malaika ukisikia baridi, ndio zinakaa seli shina, yani seli mama zinazozaa seli mpya, na wanasayansi walizionyesha pale mwaka 1990. Muda mwingi hizo seli zimelala na ni lazima zilale, kuna ishara ya kemikali inaitwa BMP inazituliza, sasa ikishuka hiyo na ikapanda ingine iitwayo Wnt, pamoja na amri kutoka seli za chini ya mzizi, zinaamka, zinagawanyika, unywele mpya unaanza, halafu zinarudi kulala. Unywele wa kichwani unakua miaka 2 mpaka 6, unapumzika kama miezi 3, unadondoka. Ndio mana mzazi akipukutika nywele miezi michache baada ya kujifungua mimi husema si hasadi, nyingi zimeingia mapumzikoni pamoja, zitarudi.

Hata upara wa wanaume, mwaka 2011 watafiti Marekani walikuta kwenye ngozi yenye upara seli shina bado zipo, zilopungua sana ni zile zinazotoka kwazo ziende kufanya kazi.

Kuvuta ni habari ingine kabisa. Mwanzo ukilegeza zinarudi, lakini ukivuta miaka na miaka kinyweleo kinageuka kovu na seli zenyewe zinapotea, hapo hata upake mafuta ya nazi au ya mbarika asubuhi na jioni hakuna cha kuamshwa. Shangazi yangu panja zake zinang'aa, hata tukiwa wanawake watupu ndani hatoi mtandio.

Kwa hiyo msusi akikwambia ikiuma ndio itakaa, mwambie alegeze, na ukiona kipele fumua siku hiyo hiyo. Mimi usiku ule nilimfumua mtoto zote za mbele, dadangu kanuna mpaka asubuhi, mtoto kalala.