Konkaseri ya Goma: mhimili wa kulala au wa kusimama?

Anayetaka kuweka mashine ya kusaga mawe Goma hakosi washauri. Mmoja atamsukumia konkaseri yenye mhimili wa kulala, mwingine atamwapia kwamba bila mhimili wa kusimama hatapata mchanga wa maana. Wote wana hoja, ila hubishana kana kwamba jiwe ni jiwe tu, popote lilipochimbwa.

Jiwe letu ni lava ya volkano ya Nyiragongo, ikiwemo ile ya Januari 2002 iliyokata mji katikati hadi ziwani. Silika yake, kiungo kikuu cha mawe mengi, ni ndogo, chini ya asilimia 45, na kwatzi, madini magumu ya silika tupu na adui mkubwa wa chuma cha konkaseri, haimo. Kulivunja ni kazi, lakini halitafuni mashine kama jiwe la kwatzi.

Hilo linabadilisha hesabu ya mhimili wa kulala. Rota yake, sehemu inayozunguka kwenye mhimili huo, hubeba vyuma vizito vinavyolipiga jiwe na kulirusha kwenye mabamba. Inameza mawe makubwa kiasi, na kokoto za zege hutoka kwa mpito mmoja. Lawama yake ya kawaida ni kwamba vyuma huisha upesi, faida yote ikaishia kwa muuza spea. Kwa lava, lawama hiyo inapungua uzito, mradi fundi awe makini. Upande mmoja wa chuma ukilika, anakigeuza. Na kabla ya kukirudisha anakipima, ili vyuma vinavyokabiliana kwenye rota viwe na uzito sawa. Akizembea, rota itatetemeka na beringi zitakufa mapema.

Kwenye mhimili wa kusimama, jiwe huingia kwa juu na kutupwa pembeni kwa kasi ya mita 50 hadi 70 kwa sekunde. Huko linagonga ama mawe wenzake yaliyojaa ukutani, ama vizuizi vya chuma. Kokoto zake zina pande zinazolingana, na hilo si urembo: vipande bapa hudai maji na saruji zaidi. Lava yenye matundu hufaidika pia, kwa kuwa sehemu dhaifu hupukutika humo humo. Lakini mashine hii haipokei mawe makubwa. Lazima mashine ya taya, inayobana na kupasua mawe makubwa, itangulie. Na inakula umeme. Jiwe likigonga jiwe, ni sehemu tu inayogeuka mchanga. Mengine yanarudishwa na mkanda, na kwa mwenye jenereta kila mzunguko ni mazuti. Ndiyo maana kwa Goma ningeangalia kwanza vizuizi vya chuma: lava inavionea huruma, na mchanga hupatikana mwingi zaidi kwa umeme uleule, hata kama umbo la chembe linapungua ubora kidogo.

Kisha kuna soko, ambalo kwangu lina uzito kuliko chuma. Kokoto nyingi za Goma huvunjwa kwa nyundo, na akina mama wengi wanalisha nyumba zao kwa kazi hiyo. Mwenye konkaseri ya kulala anashindana nao ana kwa ana, na kwa mteja anayebeba mzigo mdogo kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, sioni atawashindaje. Mteja wake ni mjenzi wa barabara. Mchanga ni habari nyingine. Mji umekaa juu ya lava, mchanga unaletwa kutoka nje, na barabara ikiharibika bei hupaa. Nyundo haisagi mchanga.

Kwa hiyo mwenye umeme wa maporomoko, kama ule wa Matebe uliokuja na kituo kilichozinduliwa mwaka 2015, achukue mhimili wa kusimama. Mwenye jenereta tu, asijaribu. Aanze na wa kulala na atafute kandarasi kubwa.

Hata hivyo mchanga wa mashine una vumbi jingi. Jaza mchanga huo nusu ya chupa angavu, ongeza maji, tikisa, iache itulie saa chache: tabaka laini la juu likiwa nene, masoni ataongeza maji kwenye mchanganyiko na lipu itapasuka. Kuosha kunataka maji mengi, katika mji ambao watu wanapanga foleni ya madumu. Njia nyingine ni feni ya kuvuta vumbi. Bei ya feni hiyo uiulize pamoja na ya konkaseri, kabla hujaanza kupatana.