Ndege Hizi, Ndege Hawa, na Maji Machafu ya Uwanjani

Ukitaja uchafuzi wa viwanja vya ndege watu wanawaza moshi na kelele, kumbe ishu nyingine iko chini, kwenye mtaro. Mvua ikipiga ile lami inabeba mafuta yaliyomwagika wakati wa kujaza tenki, masalia ya matairi, na kwenye nchi za baridi inabeba glaikoli, ile dawa wanayoipulizia ndege kuyeyusha barafu kabla haijaruka. Glaikoli ya propilini sio sumu kali kivile, shida ni bakteria wakianza kuila wanamaliza oksijeni ya mto na samaki wanakosa pumzi.

Watu wa mazingira wanasema chimbeni bwawa, maji yatulie, yasafishwe ndo yatoke. Sawa kabisa. Alafu watu wa usalama wa anga wanauliza, bwawa kando ya ranwei? Si mnawaita ndege hawa waje wagongane na ndege hizi? Na hawatanii, 15 Januari 2009 bata bukini waliua nguvu ya injini zote mbili za ndege ya US Airways ikatua mto Hudson na watu 155 (wote walipona, na bukini wenyewe walikuwa wa kuhama, sio wa bwawa la uwanja, ila hoja inabaki). Ndo maana mwongozo wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga kule Marekani, unataka maji yasikae zaidi ya saa 48 baada ya mvua, bwawa likauke kabisa. Sasa saa 48 kwenye baridi kali, bakteria wenyewe wamesinzia, watakula glaikoli gani?

Na msidanganyane na lile tanki la kutenganisha mafuta, linafanya kazi kwa vile mafuta yanaelea, glaikoli inachanganyika na maji inapita zake.

Mimi naona ugomvi wa bwawa unaanzia mwisho wa bomba. Pulizia ndege sehemu moja yenye mtaro wake, kusanya dawa kabla haijakutana na mvua yote. Sheria ya Marekani ya 2012 inataka viwanja vipya vikubwa vya maeneo ya baridi vikusanye asilimia 60, vya zamani vikaachiwa masharti ya vibali vyao, na hapo naona waliogopa gharama. Mashirika ya ndege yana hoja pia, foleni ya kupuliziwa inachelewesha safari. Kinachobaki pitisha chini ya kokoto zinazopuliziwa hewa kama uwanja wa Buffalo Niagara kule Marekani, bakteria wanashiba na hakuna maji wazi ya kumvutia bata.

Ila PFAS, zile kemikali zenye florini zisizooza za povu la zimamoto, ni habari nyingine, bakteria wa kokoto hawaziwezi. Na kuvilaumu viwanja peke yake sio haki, maana FAA yenyewe ilivibana viwe na povu hilo mpaka vigezo vya povu lisilo na florini vilipotoka Januari 2023. Hata wakiacha leo, udongo wa pale zimamoto walipokuwa wanafanyia mazoezi utaendelea kuzitoa kidogo kidogo kila mvua ikinyesha.