Bei ya Harusi ni Dola 490

"Dola 980. Ukiwahi ndani ya saa 72, dola 490." Mama wa bibi harusi aliposomewa hivyo hakuuliza wanaodai ni nani. Aliuliza, "Na hizo ndizo za mwisho? Hawashuki tena?"

Tulikuwa watatu kibandani kwangu, ninapotengeneza kompyuta, Langoni: mimi, yeye, na binti mpiga video. Usiku wa wanawake katika harusi za Lamu mwanamume hashiki kamera, kwa hiyo ngoma ya vugo, hina na kutolewa nje kwa bibi harusi vyote vilikuwa ndani ya laptopu ya binti huyu. Sasa kila faili lilikuwa limeota mkia wa herufi 4 zisizo na maana baada ya .mp4, halifunguki, na kila folda ina faili jipya, _readme.txt, linaloanza kwa kumwambia mwenye mali asiwe na wasiwasi, vitu vyake vitarudi.

"Lakini wana adabu," mama akasema.

Adabu gani! Hiyo ni STOP, wengine huiita Djvu, programu ya kufunga faili za watu na kudai fidia, na mlango wake mkubwa ni programu za kreki, yaani za kulipia zilizovunjwa kufuli ili zitumike bure. Binti alitaka kuhariri video bila kulipia leseni. Akapakua ya bure, maelekezo yakamwambia azime antivairasi kwanza, akazima. Kikatokea kidirisha kinachodai Windows inajisasisha, naye akaenda zake kukaanga mbatata. Kidirisha hicho ni cha uongo, huwekwa ili mtu asishtuke diski ikihangaika. Nyuma yake amri ya vssadmin inafuta nakala ambazo Windows hujiwekea kimyakimya, faili la hosts linajazwa anwani ili tovuti za usalama zisifunguke, na kazi iitwayo Time Trigger Task inapangwa ili mdudu aamke tena na tena.

Na ile diski ya nje? Alijivunia kwamba anayo nakala. Ilikuwa imechomekwa muda wote, kwa hiyo nayo imefungwa. Nakala ni 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 ikae nje ya nyumba. Kwa shangazi Shela panatosha kabisa, mradi haijachomekwa popote.

Wezi hawa huahidi kukufungulia faili moja bure, kama muuza halua anavyokuonjesha kipande kabla hajapima. Binti alikwisha waandikia barua pepe na alikuwa anaambatisha kionjo chake: bibi harusi akipambwa. Mama aliruka kutoka kitini.

"Mwanangu! Kichwa wazi! Kwa wanaume wasojulikana hata kwao!"

Ikatumwa picha ya punda. Punda akarudi na masikio yake yote mawili, jambo ambalo halina maana yoyote, kwa sababu kufungua faili moja hakumlazimishi mtu kukutumia ufunguo ukishalipa. Mama alipoambiwa kwamba M-Pesa hawapokei, wanataka bitcoin, alizifunga tena pesa zake kwenye ncha ya leso. "Basi hawana shida hao."

Mtu alikuwa amemshauri binti apige Windows upya. Kheri hakufanya. Kinachotakiwa ni kukata mtandao, kisha kunakili kila kilichofungwa kwenye diski tupu kabla ya kugusa chochote, maana kifunguzi, yaani programu ya kurudisha faili zilizofungwa, kikikosea faili moja ukiwa huna nakala, limekwenda. Halafu ndipo mdudu anaondolewa, ile kazi inafutwa, hosts inasafishwa. Ukifungua faili mdudu akiwa bado ndani, atazifunga upya huku unamtazama. Nywila zote zibadilishwe kutoka kwenye simu, si kwenye laptopu hiyo, kwa sababu STOP mara nyingi huja na mwenzake anayeiba nywila.

Ndipo nikafungua C:\SystemID\PersonalID.txt, faili ambamo mdudu huandika kitambulisho cha kila ufunguo aliotumia, na hapo nikaanza kucheka peke yangu. Vitambulisho vilikuwa viwili, na kimoja kiliishia na t1.

Bando la binti lilikuwa limekwisha! Mdudu akianza kazi huuliza ufunguo kwa mabwana zake. Akikosa mtandao hutumia ule aliokuja nao, na huo ni mmoja kwa kila aliyepatwa na toleo lile. Mmoja akiupata, wengine wote wamepona, na t1 ndiyo alama ya ufunguo huo. Kifunguzi cha bure cha Emsisoft, kampuni ya usalama wa kompyuta (chenyewe kinahitaji mtandao ili kuchukua funguo) kilikuwa nao. Vugo na hina zikafunguka.

Kutolewa nje hakukufunguka. Jioni ile binti aliazima hotspoti ya dadake, mdudu akaamka, akapata ufunguo wa mtandaoni ulio wa laptopu hiyo peke yake, na video alizohamisha kutoka kwenye kadi baadaye zikafungwa kwa huo. Kifunguzi kiliandika waziwazi kwamba haiwezekani. Kadi nayo ilikwisha rekodiwa juu yake hafla nyingine.

Lakini STOP ina haraka: hufunga takriban kilobaiti 150 za mwanzo wa faili tu. Kwa hati ya Word hayo ni mauti, na ndivyo ilivyopotea orodha ya wote wanaodaiwa na binti hela za video, wadeni wakashukuru Mungu. Kwa video ya gigabaiti 4 ni kofi tu. Programu ya bure iitwayo Media Repair huijengea kichwa upya, ikipewa kwa mfano video nzima ya kamera ileile kwa mipangilio ileile. Tukatoka nje tukamrekodi punda.

Kukagua ndiko kulikokuwa kazi. Mimi siruhusiwi kuona, na wao hawajui cha kubofya. Nikageukia ukuta, mkono wa kulia nyuma kwenye panya, mama akiniongoza: "Juu. Juu zaidi. Si hapo, baba, umefunga!"

"Inacheza?"

"Inacheza."

"Picha na sauti zinakwenda pamoja?"

"Zinakwenda."

Tukaenda hivyo faili moja baada ya jingine, hadi mama aliponyamaza ghafla. Nikasikia vigelegele, na binti anajizuia kucheka. Baadaye aliniambia: katikati ya ukumbi, amezungukwa na kutunzwa noti, alikuwa mke mwenza wa mama, na mama yuko pembeni ameshika sinia.

"Fundi," mama akasema taratibu, "hao jamaa zako, kukifunga hiki kimoja tu huchukua ngapi?"