Barakoa ya vumbi duarani: 95 ya boksi, 10 ya usoni

Mchimbaji mdogo wa dhahabu akikutwa na silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mawe, swali la kwanza analoulizwa ni kama alikuwa akivaa barakoa. Wanaouliza wana hoja. Barakoa ya N95 haisubiri mwenye duara, yaani shimo la uchimbaji, akubali wala mkaguzi afike. Silikosisi haina tiba, na mapafu yaliyojaa vumbi la mawe hushikwa na kifua kikuu kirahisi. Ila swali hilo linamtwisha mchimbaji lawama isiyo yake.

Tuanze na hiyo 95. Maana yake ni kwamba kichujio, kikipimwa maabara, hunasa angalau asilimia 95 ya chembe ndogo sana za vumbi. Kuhusu uso wa mvaaji, hiyo 95 haisemi kitu. Ndevu, jasho, mpira uliolegea, vyote vinaacha upenyo. Mtu akitoka shimoni akavua barakoa, mtazame kandokando ya pua: ukiona michirizi ya vumbi inashuka kuelekea mdomoni, hapo ndipo lilipopita. Ndiyo maana kanuni za usalama kazini za Marekani huihesabu barakoa ya aina hii, hata ikishapimwa usoni ikakaa sawasawa, kuwa inapunguza vumbi mara 10 tu. Za kitambaa hazimo kabisa kwenye hesabu hiyo.

Sasa ipeleke hiyo 10 duarani. Utafiti uliochapishwa 2015 kuhusu wachimbaji wadogo wa dhahabu Tanzania ulipima silika, vumbi la mawe linaloleta silikosisi, hewani wakati wa kuchoronga (kutoboa mwamba) chini ya ardhi. Wastani ulikuwa miligramu 16.85 kwa mita ya ujazo, wakati kiwango kinachopendekezwa na taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ni 0.05. Hiyo ni mara 337. Gawanya kwa 10, zinabaki karibu mara 34. Na huyo ni mchimbaji aliyetii kila sharti: kanyoa ndevu, kavaa barakoa halisi, hakuivua zamu nzima, si kwa kunywa maji wala kumwita mwenzake ndani ya joto lile. Katii, na bado anaumia.

Juu ya ardhi mambo ni tofauti. Utafiti huohuo ulikuta huko wastani wa 0.19, karibu mara 4 ya kiwango. Barakoa iliyokaa vizuri inatosha kumshusha mtu chini ya kiwango hicho, kwa hiyo kwa kazi za juu wanaohimiza barakoa wako sahihi, na waendelee.

Shimoni kinachohitajika ni maji: mashine ya kuchoronga inayopitisha maji kwenye ncha, na mawe kunyunyiziwa kabla ya kupakiwa. Pampu na mpira wa maji ni gharama ya mwenye duara, ilhali barakoa mara nyingi kibarua anaambiwa ajinunulie. Mkaguzi akifika aanze kuuliza maji yanaingia wapi, na amuulize mwenye duara.