Sanduku la tuba si mahali pa kuonyeshea mninga

Kamati ya kwaya ikishanunua tuba, yaani tarumbeta kubwa la kupigia besi, hufunga daftari na kumshukuru Mungu. Harambee imefanikiwa, besi imefika. Sanduku? "Tutaliangalia mwakani." Huo mwakani haufiki, na besi inakwenda mkutanoni imeviringishwa blanketi, imelazwa juu ya magunia ya viazi kwenye buti la Kosta. Kwa maoni yangu, bajeti ya tuba isiyo na sanduku ndani yake irudishwe kwa mhazini ikapigwe upya. Tena sanduku hilo litengenezwe hukuhuku Mbeya, kwa plaiwudi, si kwa mninga. Hapo kwenye mninga ndipo ninapogombana na wazee wangu, wanaoamini uzito wake ndio ulinzi.

Huku kwetu matarumbeta si jambo la jana. Wamisionari wa Kimoravian na wa Kilutheri walioingia Unyakyusa mwaka 1891 walitoka Ujerumani, ambako kupuliza tarumbeta kanisani ni desturi ya siku nyingi, na tuba yenyewe ilipewa hataza Prussia mwaka 1835. Ile ya kawaida ya B bapa ni bomba la shaba lenye urefu wa kama mita tano na nusu, limekunjwakunjwa hadi likafika kimo cha mtoto wa shule ya msingi. Uzito wake ni kilo kumi hivi. Shaba yake ni nyembamba, hasa pale mdomoni inapotanuka, na ndiyo maana hubonyea kirahisi. Mdomo uliobonyea bado utalia. Bomba likibonyea karibu na pistoni, zile za kubonyeza kwa vidole kubadili noti, au pistoni ikipinda hata kidogo, hapo noti zinakwama, na mafundi wa kunyoosha kazi hiyo bila kuiharibu zaidi ni wa kutafuta kwa tochi.

Wapo wanaosema tuagize sanduku la kiwandani kutoka nje. Sawa, lakini pigeni hesabu kwanza. Sanduku la tuba lina urefu wa kama sentimeta 110, upana 60 na kimo 50. Kampuni nyingi za kusafirisha vifurushi kwa ndege huzidisha vipimo hivyo vitatu, zikagawa kwa 5,000. Jibu ni kilo 66. Hizo ndizo mtakazolipia, hata kama sanduku lenyewe halifiki nusu ya uzito huo. Mnasafirisha hewa. Na likifika, kumbe lilitengenezwa kwa tuba ya muundo mwingine: pistoni za yetu ziko mbele, za kwao ziko juu. Tuba hazifanani kama soksi.

Sasa mninga. Naujua uzuri wake, hata kitanda changu ni cha mninga. Lakini chukua vipimo vilevile: eneo la mbao la pande zote sita linafika mita tatu za mraba. Ukitumia mninga mkavu wa unene wa sentimeta mbili, sanduku tupu litakaribia kilo 40. Weka tuba, weka bawaba na makomeo, unazidi 50. Nani atalibeba kutoka stendi ya Nane Nane? Mzigo ambao mtu mmoja hawezi kuunyanyua hauwekwi chini, unaangushwa. Kwa hiyo ule uzito ambao wazee wanaamini ni ulinzi ndio utakaoiua besi. Plaiwudi ya milimita tisa kwa eneo lilelile ni kama kilo 15, na haipasuki kirahisi kwa kufuata nyuzi, kwa sababu tabaka zake zimepishanishwa. Plaiwudi tunayo: misindano ya Mufindi iko jirani, na Mafinga wanabandua magogo na kugandisha mbao hizo kila siku. Plaiwudi moja ya futi nne kwa nane inakaribia kutosha sanduku zima. Ya pili itatoa vipande vya ndani. Fundi akikushauri utumie plaiwudi nene ya marine ya milimita 18 kama ya kumwagia zege la ghorofa, mkatalie kwa heshima. Uzito unarudi palepale.

Ukishamaliza mbao, kazi yenyewe ndiyo inaanza, maana seremala wa Mwanjelwa anajua kabati, meza na kitanda. Hajawahi kushika besi, na si kosa lake. Atakuuliza, "Mwalimu, urefu kwa upana ngapi?" Usimtajie namba ukaondoka. Mpelekee besi yenyewe. Ilaze juu ya kadibodi kubwa, ichore kwa penseli ukiifuata pembeni, halafu weka alama mbili: wapi panashikika na wapi pasiguswe. Panaposhikika ni kwenye mikunjo minene ya chini na tumboni. Pasipoguswa ni pistoni, na ukingo wa mdomo. Ukingo huo usigote ubao wa mwisho hata kidogo; acha nafasi ya vidole vitatu au vinne, besi ibebwe na shingo na tumbo lake, ili sanduku likisimamishwa wima vibaya, mdomo usiwe ndio mguu. Kipande cha kupulizia kipewe kijisanduku chake chenye mfuniko. Kikiachwa huru humo ndani kitapiga kuta za shaba kutoka Uyole hadi Kyela.

Na mkubaliane mapema kama mnapima kwa inchi au kwa sentimeta. Nasema hivyo kwa sababu ya amani tu.

Kuhusu sponji nina ugomvi mwingine. Mazoea ni kukata godoro kuukuu na kulipanga ndani. Godoro ni laini mno kwa kilo kumi za shaba, linalala ndani ya miezi michache, na baya zaidi linakunywa maji. Anayeijua Tukuyu anajua mvua yake ikianza haina adabu. Godoro likilowa ndani ya sanduku lililofungwa, besi inaoga unyevu wiki nzima, inatoka na madoa ya kijani. Afadhali lile povu gumu la kutengenezea kandambili na mikeka ya mazoezi, ambalo halinyonyi maji. Libandikwe kwa tabaka, likatwe kwa kisu kikali kufuata mchoro wa kadibodi, juu yake livalishwe kitambaa laini. Gundi ikishawekwa, acha sanduku wazi kivulini hadi harufu iishe kabisa kabla ya kuingiza chombo.

Kwenye kingo za sanduku pigeni engo za aluminiamu. Mafundi wa madirisha wana vipande vinavyobaki, wanaviuza kwa bei ya kirafiki. Kona zote nane zivalishwe chuma, kwa sababu sanduku likianguka huanguka kwa kona. Mishikio iwe miwili ubavuni na mmoja kichwani, ifungwe kwa bolti zinazopita hadi ndani, si skrubu. Skrubu ndani ya plaiwudi nyembamba ni ahadi ya siku tatu. Juu ya yote lishonewe koti la turubai, na kwa hilo tuna bahati. Barabara ya malori ya Zambia inapita mlangoni petu, na mafundi wa kushona maturubai wamejaa kuanzia Uyole hadi Tunduma.

Malipo? Nunueni vifaa wenyewe, fundi alipwe ufundi. Ukimpa fedha yote ya kianzio anunue plaiwudi, plaiwudi hiyo inaweza kugeuka kabati la mteja mwingine aliyekuja na haraka kuliko wewe, nawe ukaimbiwa njoo Jumamosi. Mbao za kuimarishia ndani ziwe kavu. Mbichi zikikauka hupinda, na mfuniko hautafunga tena.

Nakubali sanduku si la kila mtu. Besi isiyotoka kanisani inahitaji kabati lenye kufuli, basi. Mpigaji anayetembea kwa miguu kwenda mazoezini atafurahia begi nene la mgongoni, kwa sababu sanduku halipandi bodaboda, ingawa najua kuna watu wamejaribu. Lakini bendi inayopanda basi mara kwa mara, inayoshuka Kitonga kwenda Dar es Salaam na mizigo ya abiria wengine ikiserereka butini, begi haliwatoshi. Sanduku lao lisipimwe kwa mkono wa mpigaji, ambaye anaipenda besi. Lipimwe kwa mkono wa kijana wa kupakia mizigo, ambaye haijui, ana haraka, na dereva anampigia honi.

Rangi chagueni mnayotaka. Andikeni jina la usharika kwa herufi kubwa, pamoja na neno JUU upande wa mfuniko. Ufunguo wa akiba akae nao mhazini, kwa sababu mpigaji akiugua siku ya mkutano wa jimbo, mtu mwingine atahitaji kufungua.