Ati Nishukuru Mungu Naonekana Mdogo

Niko na miaka 36. Naanza na hiyo namba kwa sababu ukinikuta steji huwezi iamini, na watu wakiisikia, kuanzia mama mboga mpaka bosi, huwa wanasema kitu kimoja tu, "Haki shukuru Mungu!" halafu wanauliza napaka nini. Sipaki kitu bana. Natumia yale mafuta ya watoto ya kopo, na kushukuru nitashukuru, lakini kidogo, nikimaliza niko na maswali.

Huu mjadala uko na pande mbili na zote zina watu. Wengi wanasema kupunguziwa miaka ni baraka, matusi ni kuongezewa, na ukitaka kujua angalia dada wa miaka 27 akiitwa "mathe" na makanga wa Thika Road, atashuka kabla ya steji yake juu ya hasira. Sisi wengine tuko wachache, tunasema kwa hii Nairobi kuonekana mtoto kunakugharimu kuliko kuonekana mzee, na tukisema hivyo tunachekwa. Ni kama tajiri kulalamika ati noti zimejaa mfukoni zinamuumiza akikaa.

Sasa wacha nikupe mfano ninaoishi nao. Binamu yangu ako na 29. Nywele zilianza kumtoroka akiwa 23, ndevu ziko na mvi mbili tatu, na amefanya mjengo tangu amalize kidato cha nne kwa hivyo ngozi imekula jua na simiti miaka kumi na zaidi. Kwa ploti yao wanamwita Mzee. Hakuna anayetania, wanamaanisha. Watoto wa jirani wanamwita guka na ameacha kuwasahihisha. Mimi namzidi miaka saba, nimembeba mgongoni akiwa mdogo, lakini tukitembea pamoja watu wanadhani yeye ndiye alinilea.

Upande wake siupuuzi. Alienda intavyuu mahali fulani walitangaza wanataka kijana mchangamfu, akaingia ofisini, yule jamaa wa kuhoji akainuka akamsalimia kwa mikono miwili halafu akamuuliza kama amemsindikiza mtoto. Hakupata kazi. Kuna msichana alimpenda, huyo msichana akamwambia yeye hawezi kutoka na mababa. Hizo ni hasara za kweli na mimi sitoki hapa kusema hazipo.

Ila angalia kitu kimoja. Binamu akisimulia hayo kila mtu anamhurumia, wanasema pole, wanamnunulia chai. Mimi nikisimulia yangu wananiambia natafuta sifa kwa mlango wa nyuma. Hasara yake ina jina. Yangu imefungwa na karatasi ya zawadi, na mtu akikupea zawadi ni utovu wa adabu kusema inakufinya.

Chukua sheria. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 260, inasema kijana ni mtu aliyefika 18 lakini hajafika 35. Mzee inamhesabu akishapita 60. Wa kati ya 35 na 60 hawana jina kabisa, we jaribu kutafuta, ni watu tu. Kwa hivyo siku nilifikisha 35 nikatolewa kwa kundi, zile tenda za serikali asilimia 30 zilizotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu siwezi omba tena kama kijana, na sawa, hiyo siwezi lalamikia, mstari lazima uwekwe mahali. Shida ni hakuna mtu aliwaambia wale ninaokutana nao kila siku. Karatasi imenitoa kwa vijana, uso unanirudisha, na nikirudishwa sirudishiwi na ile tenda, narudishiwa tu ile "we kijana hebu ngoja kwanza wakubwa wahudumiwe."

Na mji wenyewe unapenda kupima watu kwa kuangalia. Ndani ya dakika moja ya matatu utasikia makanga akigawa vyeo, mathe kalia hapa, mzae songa, siste leta hiyo begi, buda hiyo ni soo tu, na wewe ukiangukia vyeo vya chini unaambiwa hama nyuma. Hata salamu ni mizani, mtu akikuambia "sasa" ameshakuweka rika lake ama chini, akikuambia "habari yako" amekupandisha. (Kichekesho ni kwamba neno letu la kuitana mtaani, msee, limetoka kwa mzee, kwa hivyo kijana wa 19 ni msee na mimi mwenye 36 ni mtoi.) Mara moja makanga alimwambia mama tuliyekaa naye anipakate. Alikuwa anatania nadhani. Matatu yote ikacheka, nami nikacheka, ungefanya nini.

Lakini hayo ni madogo, tuongee juu ya kitambulisho, hapa ndio roho yangu imekwama.

Juzi usiku, saa tatu hivi, mimi na binamu tunatoka tao tunaelekea steji, askari wawili wakatusimamisha. Wakatusimamisha ni kusema tu, walinisimamisha mimi. Binamu aliambiwa "mzee pita tu." Mimi nikaulizwa natoka wapi, naenda wapi, nafanya kazi gani, kwa nini nimevaa kofia, kitambulisho kiko wapi. Nikatoa. Yule akakimulika na tochi, akaangalia tarehe, akaniangalia, akaangalia tarehe tena, akaniuliza hiki ni cha nani. Yaani kile kipande chenye kinapaswa kunitoa kwa shida ndicho kimenizidishia, kwa sababu miaka imeandikwa pale uso wangu unaikana, na kwa akili yake mmoja kati ya hao wawili anadanganya, na hawezi kushika uso. Binamu ndiye alinitoa. Alirudi pole pole na ile kipara yake, akasema "afande, huyo ni kijana wangu." Afande akasema sawa mzee, mpeleke nyumbani. Nimeitwa kijana wa mtu niliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Tulicheka mpaka Eastlands. Lakini nikifika kwa kitanda sikucheka, nilianza kufikiria kwa hii Nairobi neno "kijana" likitoka kwa mdomo wa askari halina maana ile linayo kwa Katiba. Ni neno la kushuku. Muulize mama yeyote wa Mathare ama Kayole mwenye mtoto wa kiume wa 19, atakuambia anachoogopa saa tatu usiku ni nini, na mara nyingi si wezi. Sasa ukiwa na uso wa 19 miaka kumi na saba mfululizo, umekaa kwa hilo dirisha la hatari miaka kumi na saba wakati wengine walipita kwa mitano au sita. Hiyo hesabu hakuna mtu huniambia akiniambia nishukuru.

Juni 2024 ndio nilielewa kabisa. Zile maandamano za Mswada wa Fedha zilikuwa za Jumanne na Alhamisi, wakaziita za Gen Z, na mtu wa tao angepangwa kwa sura tu, huyu Gen Z, huyu si Gen Z. Kuna wenzangu wa rika langu walikuwa wanatamani waonekane Gen Z siku hizo, walikuwa wanasema wako hapo kwa roho. Mimi sikuhitaji kutamani. Nilienda kuchukua miwani yangu, sikuwa nimebeba hata bendera, na kila kona nikipita macho ya watu wenye rungu yananifuata. Mwanaume mwenye tumbo kidogo na koti alikuwa anaambiwa rudi nyumbani mzee kuna moshi. Mimi naambiwa simama. Moshi ni ule ule.

Hata pombe, na mimi si mlevi. Sheria ni 18, kwa ile ya 2010 watu walizoea kuita ya Mututho, jina la mbunge aliyeileta, na kwa mlango wa klabu baunsa ndiye anaamua kwa jicho. Uingereza wako na mpango maduka wanaita Challenge 25, ukionekana chini ya 25 unaulizwa kitambulisho hata kama sheria yenyewe ni 18, wameongeza hiyo miaka saba ili muuzaji asipime kwa kubahatisha na mteja asione ameonewa. Huku kila baunsa ako na mizani yake. Na Julai 2025 ikazinduliwa sera inayopendekeza 18 ipande iwe 21. Siipingi, kuna sababu nzuri, ila nikipiga hesabu naona nitakuwa natoa kitambulisho mlangoni nikiwa na 45, nyuma yangu kuna foleni ya watu wa 22 wananiambia mtoi harakisha.

Wanawake wako na yao na ni ngumu zaidi kuisema. Dada yangu ni afisa wa kliniki, ako na 33, mgonjwa anaingia, anamwangalia, anasema "niitie daktari." Anaenda nje, anavaa miwani ambayo haihitaji, anarudi. Nyumbani akifungua geti wauzaji wanamwambia "hebu mwite mama." Akisema mama ni yeye wanamsifu ati haonekani amezaa, lakini yeye anajua walichofikiria kwanza, walifikiria ni msichana wa kazi, na wanavyomwongelesha msichana wa kazi kabla hawajajua ni mwenye nyumba, hayo amesikia na hawezi kuyaondoa masikioni. Sasa hiyo sifa ni ya nani?

Najua jibu lenye watu wa upande ule hunipiga nalo. Ni ule utafiti wa Denmark, uliotoka kwa jarida la kitabibu la BMJ 2009, na wacha niuseme vizuri kwa sababu mara nyingi unasemwa nusu. Walichukua mapacha 1,826 wenye miaka 70 na kwenda juu, wakawapiga picha 2001, wakawapa wauguzi 20 wa wazee, wanafunzi 10 wanaume wa ualimu na wamama wazee 11 wakadirie umri kwa kuangalia picha tu. Kufikia Januari 2008 walikuwa wamekufa 675. Na kwa mapacha wenyewe, yule aliyeonekana mzee kuliko mwenzake ndiye mara nyingi alitangulia, na tofauti ikizidi kuwa kubwa ndivyo ilizidi kuwa hivyo. Na kadirio la wauguzi halikushinda la wale vijana, wote walikuwa wanasoma kitu kile kile.

Huo utafiti umenikosesha usingizi, sidanganyi. Nimeurudia mara nyingi. Kwanza ni wa watu wa 70, si wa 36, kwa hivyo mwenye anaunyooshea uso wangu ameupeleka mahali haujafika. Pili, mapacha wametoka tumbo moja, kwa hivyo sehemu ya kinachowatofautisha ni maisha, na utafiti mwingine wa huko huko kwa mapacha uliona kinachoongeza miaka kwa uso ni kama sigara, jua na wembamba uliozidi. Jua! Soma hiyo tena ukiwa Nairobi. Nani anakaa juani hapa? Mchuuzi, mtu wa boda, mtu wa mjengo. Kwa hivyo nikiangalia uso wa binamu yangu naangalia risiti ya kazi, na uso wangu umebaki laini kwa sababu nimekaa ndani ya ofisi na feni.

Hapo nakubali, na inaniuma kukubali. Yeye analipa kwa mwili. Mimi nalipa kwa milango, na kati ya hizo mbili mwili ni ghali kuliko. Kama swali ni nani ataishi siku nyingi, wacha upande ule ushinde. Lakini mtu haishi kwa jumla ya miaka, anaishi Jumanne, Alhamisi, saa tatu usiku, kwa foleni ya benki, kwa boma la wakwe.

Wakwe! Nilikuwa nimesahau. Siku ya kwenda kupeleka mahari upande wa Limuru, nimevaa koti, nimenyamaza kama inavyotakiwa, mzee mmoja akaniangalia akawauliza watu wetu kwa upole kabisa, "na huyu kijana mmekuja naye, mwenye harusi mwenyewe anafika saa ngapi?" Mke wangu mpaka leo akitaka kunimaliza kwa ugomvi ananiuliza mwenye harusi amefika.

Siku hizi nimepata njia. Nilikuwa natafuta shamba dogo upande wa Joska, nikienda peke yangu broka ananionyesha kwa mbali na kidole, bei anataja ya kunifukuza, ananiambia nirudi na mzazi. Nikaenda na binamu. Nilimwambia asiongee chochote, yeye ashike mikono nyuma atembee akiangalia mpaka. Akafanya hivyo. Akainama mara moja akachukua udongo, akausugua na vidole, akautupa, kazi ya mjengo imemfundisha hiyo. Broka akashusha elfu sabini bila kuulizwa na akaanza kumwita mzee, mimi akanituma dukani nimletee mzee maji.

Nilienda nikaleta. Binamu akanishukuru, akasema, "Asante kijana."