Rondo haipo ila inatajwa, Kimara yetu je?

Jumamosi iliyopita nimetembezwa kwenye mtaa ambao haupo. Niko hapa Saint Paul, Minnesota, mwaka wa saba sasa, na kila asubuhi naenda kazini kwa barabara kuu ya I-94, sikuwahi kujua kumbe pale yanapopita magari palikuwa na mtaa mzima wa watu weusi, Rondo, wana makanisa yao, vinyozi wao, maduka yao. Bomoabomoa ilianza miaka ya 1950, barabara ikafunguliwa 1968, nyumba zaidi ya 600 zikaenda. Na njia nyingine ilikuwepo jamani, mtaalamu wa mipango miji wa hapo hapo, George Herrold, alishauri barabara ipite kaskazini kando ya reli, hawakumsikiliza.

Aliyetutembeza ni mama mtu mzima aliyezaliwa pale. Tulisimama darajani, malori yanapita chini yetu, akanyoosha kidole akasema kwetu ni pale, na kidole kinaelekea hewani tu manake barabara imechimbwa shimo. Halafu akaanza kutaja nyumba moja moja, huyu baba alikuwa mhudumu wa treni, huyu alikuwa anashona, hapa tulikuwa tunakatiza kwenda shule. Akatuambia habari ya mzee mchungaji George Davis aliyegoma kutoka kwake mpaka polisi wakaja kumtoa 1956. Mimi hapo machozi yakanitoka, watu wananiangalia.

Manake nilimkumbuka mama mdogo wangu wa Kimara, Dar es Salaam. 2017 alipigiwa X nyekundu ukutani, alama ya kubomolewa, akaambiwa yuko ndani ya hifadhi ya barabara, na yeye kakaa pale tangu mimi sijaanza shule, kodi ya jengo analipa, umeme kavutiwa. Fidia hakuna. Alichukua mabati na milango akahamia Kibaha, jirani yake akarudi Singida, mwingine hatujui yuko wapi mpaka leo.

Nyumbani Tanzania watu wanadhani huku kila kitu kinaenda kwa haki. Si kweli. Watu wa Rondo walilipwa kidogo na sehemu nyingi za mji mtu mweusi alikuwa hauziwi nyumba, sasa aende wapi? Kuvunja wamevunja kama sisi tu. Tofauti imekuja baadaye, na haikuanzia serikalini, waliokulia pale ndio walioanzisha sikukuu ya Rondo Days 1983, inayofanyika mwezi wa Julai, wakaendelea kusema na kusema mpaka 2015 meya akaomba radhi hadharani, na 2018 pakafunguliwa kibustani cha kumbukumbu. Ukipita barabara ya Concordia unakuta vibao vya Old Rondo Avenue.

Najua mtu atasema foleni ya Kimara ilikuwa mateso na barabara ilihitajika. Nakubali kabisa, nilivyokuja likizo nimepita barabara mpya ile ya njia nane, kutoka Mbezi unafika chap, inasaidia. Lakini kuhitaji barabara ni jambo moja na kuwafuta watu kama hawakuwahi kuishi pale ni jambo lingine, nimeteremka kituo cha Stop Over, Kimara, nikatafuta alama yoyote, jiwe, kibao, mti, hakuna, na watoto wanaokua pale sasa hivi wanajua kituo cha basi tu.

Kwa hiyo nimeanza na mama mdogo. Kila jioni yake ananitumia voisi WhatsApp, tunapanga nyumba kwa nyumba kutoka Temboni kuelekea Suka upande wa kushoto, nani alikaa, alikuwa anafanya nini, alihamia wapi. Tumefika nyumba ya 23. Tumekwama kwa fundi baiskeli aliyekuwa chini ya mwembe, mama mdogo anakumbuka sura na kikohozi cha fundi ila jina limempotea. Kama ulikaa maeneo yale kabla ya 2017 na unamjua, niandikie.